Mteja Haoni, Lakini Wewe Unajua

Kijana mmoja mwenye duka la maji ya kujaza hapa Kahawa Wendani ameniandikia akiomba ushauri. Mashine yake ina taa ya UV, ile inayoua vijidudu kwa miale ya urujuanimno kabla maji hayajaingia kwenye mtungi wa mteja. Mrija wa kioo unaoivika taa hiyo umepasuka. Alipokwenda mjini kutafuta mwingine alionyeshwa aina mbili: mmoja wa kwatsi, ambao bei yake ilimtisha, na mwingine wa kioo cha kawaida, uliokatwa kwa urefu uleule, wa bei ya chini sana. Muuzaji akamhakikishia kwamba yote miwili inapitisha mwanga. "Nimeiinua yote juani," anaandika, "nisione tofauti. Mteja ndiye hataona kabisa, maana mrija unakaa ndani ya chuma. Je, nikichukua ule wa bei nafuu nitakuwa nimekosa?"

Ndiyo, ndugu yangu, utakuwa umekosa. Nakushukuru kwa kuuliza kabla ya kununua, kwani wengi huuliza mtu akishaugua. Nimeamua kukujibu hadharani kwa sababu swali lako si la wauza maji peke yao. Linamgusa kinyozi mwenye kile kisanduku cha taa ya buluu, fundi anayechomelea mageti kando ya barabara, dada anayepaka kucha, muuza miwani pale kwenye daraja la waenda kwa miguu la Thika Road, na mwenye ploti anayewapa mafundi kazi. Wote hao wanashughulika na mwanga ambao macho hayauoni. Na kila mmoja wao hufikiwa na siku ambayo kitu cha bei rahisi kinafanana kabisa na kitu cha kweli.

Tuanze na hayo macho uliyoyatumia kupimia mirija. Jicho la binadamu huona mwanga wa urefu wa mawimbi kuanzia takriban nanomita 400 hadi 700. Miale ya urujuanimno iko chini ya 400, nje ya uwezo wa jicho. Mwaka 1801 Mjerumani Johann Wilhelm Ritter aliutawanya mwanga wa jua ukatoa rangi zake, akaweka karatasi yenye kloridi ya fedha nje kidogo ya rangi ya urujuani, pale ambapo jicho halikuona chochote. Karatasi ikawa nyeusi upesi zaidi hapo kuliko penye rangi yoyote inayoonekana. Ritter aliijua miale hiyo kwa kazi iliyofanya, wala hakuiona. Nasi tuipime vivyo hivyo, kwa kazi yake.

Taa ya mashine yako ni taa ya zebaki, na miale yake inayoua vijidudu iko kwenye nanomita 254. Ule ubuluu unaouona ni sehemu ndogo tu ya mwanga wa taa, na hauui kitu. Kioo cha kawaida, hiki cha madirisha na bilauri, ni kama chujio la chai: rangi za mwanga zinapita, miale ya 254 inabaki upande wa taa. Kwatsi, ambayo ni silika safi iliyoyeyushwa kwa joto kali, huipitisha. Ndiyo maana bei yake iko juu, na ndiyo maana watengenezaji hawaweki kitu kingine hapo. Ukivika taa yako kioo cha kawaida, itawaka, kaunta itapendeza kwa ule mng'ao wa buluu, mashine itanguruma, na maji yatatoka na vijidudu vyake vilevile yaliyoingia navyo. Utakuwa unauza maji mabichi kwa bei ya maji salama.

Hapo ndipo penye kosa. Mteja wa Wendani anapoubeba mtungi wa lita 20 kutoka dukani kwako kuelekea nyumbani, hajalipia maji peke yake. Maji yangeweza kupatikana kwenye bomba la ploti. Amelipia neno lako kwamba kuna jambo limefanyika ndani ya chuma ambalo yeye hawezi kulithibitisha. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kenyatta anayeishi kwenye chumba kimoja, mama anayemkorogea mtoto uji, mzee anayemeza dawa za jioni, wote wameacha kuchemsha kwa sababu yako. Ungewaambia maji ni mabichi, wangeyachemsha. Kwa hiyo taa isiyofanya kazi ni mbaya kuliko kutokuwa na taa, kwani imemvua mtu tahadhari aliyokuwa nayo.

Wala hatuzungumzii hatari ya mbali. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza nchini Oktoba 2022 ulihusishwa kwanza na watu waliokuwa wamehudhuria harusi katika Kaunti hii yetu ya Kiambu. Ugonjwa huo hupitia maji na chakula, na humkausha mtu mzima mwenye afya kwa muda wa saa chache.

Vitabu vya dini zetu vimekemea mizani ya udanganyifu kwa maneno makali. Biblia inalo jambo hilo katika Mithali, na Kurani inayo sura nzima, ya 83, iliyopewa jina la wale wanaopunja vipimo. Lakini mizani angalau mnunuzi anaiona. Anaweza kwenda na mzigo wake kwa muuzaji mwingine ukapimwa upya. Miale ya 254 hana pa kuipeleka. Kadiri mnunuzi anavyokosa uwezo wa kukagua, ndivyo wajibu wa muuzaji unavyokuwa mzito. Hiyo ndiyo nasaha yangu yote leo, na yanayofuata ni matawi yake.

Nianze na huyo aliyekuuzia neno kwamba mirija yote miwili "inapitisha mwanga." Kauli yake ni ya kweli, na kwa ukweli wake inapotosha. Huenda hakujua. Basi angesema hajui. Mwuza vipuri hapaswi kuona haya kumwambia mteja, "Sijui, ngoja nimuulize aliyetengeneza." Neno hilo halimpunguzii heshima. Linalompunguzia heshima ni kukisia kwa sauti ya mtu mwenye hakika, kisha kukisia kwake kukanywewa na mtaa mzima.

Nawe, ukishanunua mrija wa kwatsi, usidhani umemaliza. Taa ya UV ina umri. Nyingi za zebaki hupewa takriban saa 9,000 za kazi, yaani mwaka mmoja na siku chache kama inawaka usiku na mchana. Baada ya hapo huendelea kuwaka vizuri kabisa machoni, ilhali miale yake ya kuua imefifia chini ya kiwango. Viwango vinavyotumika sana duniani kwa mashine za maji ya kunywa hudai dozi ya milijuli 40 kwa kila sentimita mraba, na taa iliyochoka haifiki hapo. Mrija nao hushika chumvi za maji kwa nje, hasa maji ya kisima, ukafunikwa na utando mweupe unaozuia miale. Lazima utolewe na kusafishwa mara kwa mara, taa ikiwa imezimwa. Maji yenyewe yawe yamechujwa kwanza, maana kijidudu kilichojificha nyuma ya chembe ya udongo hakiguswi na mwanga. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Andika tarehe ya kubadilisha taa, tarehe ya kusafisha mrija, tarehe ya kubadilisha chujio.

Tena usiahidi kisichowezekana. Miale hii huharibu vinasaba vya kijidudu kisiweze kuzaana. Haiondoi chumvi, haiondoi dawa za shambani, haiondoi floridi. Visima vya ukanda wetu huu wa mawe ya volkano vinajulikana kwa floridi, na kiwango cha juu kinachokubaliwa ni miligramu 1.5 kwa lita. Kama maji yako ni ya kisima, yapeleke maabara yapimwe. Mteja akiuliza, mwambie taa inafanya nini na haifanyi nini.

Kuna jirani zako wasioweza kununua mtungi kila siku, na kwao pia suala la kioo na plastiki lina jibu. Mwaka 1996 jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha utafiti uliofanywa kwa watoto wa Kimaasai hapa Kenya. Familia zote zilipewa chupa za plastiki za maji ya kunywa. Baadhi ziliambiwa ziweke chupa juu ya paa zipigwe na jua, nyingine ziziweke ndani ya nyumba. Watoto waliokunywa maji yaliyokaa juani waliharisha kwa kiasi kidogo zaidi. Chupa zilikuwa sawa, na tofauti ilitokana na mahali zilipowekwa. Njia hiyo inataka chupa safi za plastiki ya PET, zile angavu za soda na maji, zisizozidi lita mbili, zisizo na rangi wala mikwaruzo mingi. Zilaze juu ya mabati, kwa saa sita jua likiwaka, au siku mbili mfululizo kukiwa na mawingu mengi. Maji yawe meupe kiasi kwamba ukiisimamisha chupa juu ya gazeti na kuchungulia kutoka mdomoni, unakisoma kichwa cha habari kilicho chini yake.

Angalia hapo jinsi kila kitu kinavyotakiwa kiwe mahali pake. Plastiki ya PET huipitisha miale mirefu ya jua, inayofika kwetu kwa wingi, lakini huizuia kabisa ile ya 254 ya taa yako. Chupa inayookoa mtoto juu ya bati haiwezi kuwa mrija wa mashine. Na kioo cha dirisha, kisichofaa kuvika taa, kinafaa sana kikiwa kidirisha cha kuchungulia kwenye sanduku la taa hiyo, kwa sababu ileile kwamba kinaizuia miale isilifikie jicho lako. Hakuna kioo kibaya. Kuna kioo kilichopewa kazi isiyo yake na mtu aliyejua, au aliyekataa kujua.

Sasa nimgeukie kinyozi. Katika vinyozi vingi vya Wendani utaona kisanduku chenye mlango wa kioo, ndani mna taa ya buluu, mashine za kunyolea zimelazwa humo. Mteja akikiona anatulia moyo: humu vyombo vinasafishwa. Ndugu kinyozi, je, unajua taa ya kisanduku chako ni ya nini? Baadhi ya taa za namna hiyo ni balbu za rangi ya buluu tu, hazina miale inayoua kitu. Na hata taa ya kweli haipenyezi nywele, haipenyezi mafuta, wala haizunguki kona. Upande wa wembe uliolala chini uko gizani, na vijidudu vya hapo viko salama. Mashilingi ya kichwani na maambukizi yanayopitia damu hayasubiri taa ifike. Safisha chombo kwanza, kitoe nywele, kipanguse kwa dawa ya kuua vijidudu na kuiacha kwa muda ulioandikwa kwenye chupa yake, ndipo ukiweke kwenye kisanduku ukipenda.

Wengine hukitengeneza kisanduku wenyewe na kukitandika ndani vipande vya kioo cha kujitazamia, wakiamini kwamba kinachorudisha sura kitarudisha miale. Sivyo. Kioo cha kujitazamia kina rangi ya fedha upande wa nyuma, na miale ya 254 inamezwa na kioo chenyewe kabla ya kuifikia hiyo fedha. Rangi nyeupe ya ukutani nayo, inayong'aa machoni mwetu, huimeza miale karibu yote kwa sababu ya madini ya titani yaliyomo. Chuma kisichoshika kutu, ambacho tungedhani ndicho bora, hurudisha takriban robo tu. Alumini iliyong'arishwa ndiyo inayorudisha sehemu kubwa, zaidi ya asilimia 70. Ukitaka kujua kisanduku chako kinafanya kazi, ziko karatasi maalumu za kupimia miale hii zinazobadilika rangi zikiipata. Nunua, pima pembe zote, kisha mwonyeshe mteja.

Lakini alumini hiyohiyo ikitumika nje ya kisanduku kilichofungwa ni hatari. Kinachorudisha miale hakichagui kinamrudishia nani. Taa ya namna hii isiwake mlango ukiwa wazi, na kisanduku kiwe na swichi inayoizima mlango unapofunguliwa. Mwaka 2020, katika hofu ya korona, Shirika la Afya Duniani lilionya watu wasijimulike mikono wala ngozi kwa taa hizi. Novemba 2023 huko Hong Kong, watu waliohudhuria sherehe moja waliamka na macho yanayowaka na ngozi iliyoungua. Waandaaji wakasema huenda chanzo kilikuwa taa za urujuanimno zilizowekwa kwenye kona moja ya ukumbi. Aliyeweka taa hizo bila shaka alitaka kupendezesha mahali. Nia njema haikuyakinga macho ya mtu.

Hapo namfikia fundi wa kuchomelea. Huyu ndiye ninayemhofia kuliko wote, kwa sababu hana ukuta. Wendani inajengwa kila siku, magorofa ya vyumba vya kupangisha yanapanda, na kila gorofa linataka mageti, madirisha na ngazi. Cheche zinaruka kando ya njia wanayopitia watoto kutoka shule. Moto wa kuchomelea kwa stima hutoa miale ya urujuanimno ya kila aina, hata ile fupi ambayo ozoni ya angani hutukinga nayo tusiipate kutoka kwenye jua. Mwaka 2017 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka miale inayotokana na kuchomelea katika kundi la kwanza, la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Na kabla ya saratani kuna maumivu ya usiku ambayo kila fundi anayajua: mara nyingi baada ya saa sita hadi kumi na mbili, macho yanajaa mchanga usiokuwepo, yanatiririka machozi, mtu hawezi kufumbua.

Fundi, usijidanganye kwa miwani nyeusi ya jua. Weusi wa kioo si kinga. Moto wa stima unataka kioo maalumu cha kuchomelea, kwa kawaida cha namba 10 hadi 13 kulingana na nguvu ya umeme, ndani ya ngao inayofunika uso wote hadi shingoni. Msaidizi anayekushikia chuma anataka ngao yake. Asiambiwe kugeuza uso, kwani miale hurudi kutoka kwenye bati jipya na ukuta ikamfuata huko alikogeukia. Miwani myeupe ya plastiki ngumu ya polikaboneti huzuia karibu miale yote ya urujuanimno na humkinga na vipande vinavyoruka, hivyo inamfaa mtu aliye pembeni, lakini haitoshi kuutazama moto wenyewe. Na macho yakishaungua, usitie maziwa wala kipande cha kiazi. Nenda hospitali.

Kisha kuna haki ya mpita njia. Mtoto hutazama cheche kwa sababu zinapendeza, na hakuna aliyemwambia. Weka pazia zito au mbao kuzunguka kazi yako. Upande wa ndani usiwe bati linalong'aa, uwe na rangi iliyofifia isiyorudisha miale. Kama huna pazia, chomelea kwenye kona isiyotazama njia. Uwanja wako wa kazi unaishia pale mwanga wako unapofika, na mwanga huo hufika mbali kuliko uzio wa karakana.

Mwenye ploti, na wewe usikae pembeni. Unapompunguzia fundi bei hadi anashindwa kununua ngao ya msaidizi wake, umelinunua geti lako kwa macho ya kijana wa mtu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri awape wafanyakazi vifaa vya kujikinga. Hata pale ambapo hakuna mkaguzi atakayepita, dhamiri yako inaweza kukagua. Kabla ya kukubaliana bei, muulize fundi: ngao ziko ngapi? Kama jibu ni moja na wafanyakazi ni wawili, ongeza fedha au tafuta fundi mwingine.

Kwa dada wa kucha nitasema machache, kwa kuwa hatari yake ni ndogo zaidi ingawa ipo. Taa ya kukaushia jeli hutumia miale mirefu ya urujuanimno, ile inayozeesha ngozi. Mpe mteja glavu zilizokatwa ncha za vidole, au losheni ya kukinga jua dakika chache kabla. Mwambie asiitazame taa, na usimzidishie muda kwa kudhani jeli itashika zaidi.

Na kwa muuza miwani: hapa tuko karibu na ikweta, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,500, na miale ya jua huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000. Adhuhuri yetu ni kali. Miwani nyeusi isiyo na kinga ya kweli huifanya mboni ipanuke kwa kudhani kuna giza, kisha inaweza kuingiza miale zaidi kuliko jicho tupu. Kibandiko cha "UV400" maana yake ni kwamba kioo kinazuia miale yote hadi nanomita 400, na kibandiko hicho hubandikwa kirahisi kuliko kinga yenyewe. Katika sensa ya 2019, ambayo ilikuwa ya kwanza kuwahesabu watu wenye ualbino nchini Kenya, walipatikana 9,729. Mtu kama huyo hanunui miwani kwa urembo. Ngozi na macho yake havina rangi ya kumkinga, na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu huwagawia losheni ya jua kwa sababu hiyohiyo. Ukimuuzia kioo cha rangi tupu na kumwambia ni kinga, umemtuma juani akiwa na silaha ya karatasi. Mtaalamu wa miwani ana kifaa kinachopima kioo kwa muda mfupi tu. Peleka miwani michache kutoka kila shehena ikapimwe, na isiyo na kinga iuze kama pambo, kwa kutamka kwamba ni pambo.

Najua mtakavyonijibu. Mtasema biashara ni ngumu, kodi ya chumba haingoji, na jirani anayetumia kioo cha kawaida anauza kwa bei ya chini na wateja wanamkimbilia. Yote hayo ni kweli, nami siyadharau. Lakini angalieni mnachoshindania. Jirani huyo hajagundua namna ya kusafisha maji kwa gharama ndogo. Ameacha kuyasafisha. Hakuna bei ya haki inayoweza kuishinda bei ya kazi isiyofanyika. Ukijaribu kumfuata, nawe utaacha, na mtaa wote utabaki na taa za buluu na maji mabichi. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, ya kupewa habari anazohitaji ili anufaike nazo, na ya kulindiwa afya na usalama wake. Hizo habari wewe ndiwe uliye nazo.

Kwa hiyo, ndugu yangu muuza maji, hivi ndivyo ningependa ufanye. Kwanza, mpaka mrija wa kwatsi ufike, usiuze maji kama maji yaliyosafishwa. Kama lazima uuze, andika kwa herufi kubwa kwamba taa haifanyi kazi na maji yachemshwe, kisha punguza bei. Pili, unaponunua, muulize muuzaji kwa maneno kamili: "Je, huu unapitisha miale ya nanomita 254, na una karatasi ya mtengenezaji inayosema hivyo?" Asiyeweza kujibu, muage kwa heshima. Tatu, kama kuna siku taa ilikuwa mbovu na ukauza ukijua, waambie uliowauzia, hasa wenye watoto wadogo, ili mtu akiharisha asichelewe kwenda hospitali. Kusema hivyo kutakuuma na pengine kutakupunguzia wateja. Maumivu hayo ni yako kwa haki, na usiyahamishie kwenye tumbo la mtoto.

Nne, na hili nawaomba wote niliowataja: mfanyeni mteja aone. Bandika ukutani tarehe ya taa, tarehe ya mrija, na majibu ya maabara. Kinyozi abandike karatasi yake ya kupimia iliyobadilika rangi. Fundi atundike ngao zote mahali zinapohesabika. Mwanga wenyewe hauonekani, lakini ushahidi wa kwamba umeutunza unaweza kuonekana na kila anayeingia. Na atakapotokea mteja wa kuuliza maswali mengi, hata kama foleni ni ndefu na jua linawaka, usimkasirikie wala usimwone mjuaji. Mjibu, kisha umwombe aje aulize tena mwakani.